Salamu Ndani ya Kisanduku cha Majibu

Mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau, nanyi mkanipa muda mrefu wa kutosha kusahau vizuri. Nimekaa barazani kwangu Msambweni na kompyuta hii mliyonizawadia siku ya kuniaga, na tangu asubuhi imekuwa ikinisahihisha jina. Mimi ni Mejumaa. Yenyewe inaona niwe Majuma. Nimeiacha iniite ipendavyo, maana mtu mzima habishani na zawadi.

Vyeo sitavizungumza. Vyeo vyangu vimo ndani ya faili, na faili zimo ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulipotea wakati wa mkurugenzi yule aliyemtangulia huyu. Mshahara nao mnaujua, ndio huo huo mnaolalamikia nyinyi. Nitasema habari za kazi yenyewe, yaani maneno, vidole, na yale yanayotokea vidole vinapoitangulia akili.

Nilianza kazi hapo kituoni Ukunda nikiwa mpiga chapa. Kituo kilikuwa kikifundisha watu wa mahoteli, wauza samaki, wakulima na yeyote aliyekuwa na jambo la kufundishwa, na masomo yote yalipita mikononi mwangu kwanza, kwenye taipureta iliyokuwa nzito kuliko mimi. Aliyenipokea alikuwa Maalim Bakari, msahihishaji wetu. Alikuwa amesomesha madrasa miaka mingi kabla ya kuja kwetu, kwa hivyo herufi ikianguka ilimuuma kama meno. Siku ya kwanza alinipa kiti, rula na onyo.

"Mwanangu," akaniambia, "kosa la chapa ni panya. Ukimwona mmoja mchana, jua ukoo mzima umelala darini."

Alinifundisha kuweka rula chini ya mstari. Alinifundisha kusoma ukurasa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu jicho likijua linakokwenda haliangalii njia. Kisha, akasema, msomee kwa sauti mtu mwenye njaa.

"Kwa nini mwenye njaa, Maalim?"

"Aliyeshiba atakuitikia kila kitu."

Sikumsikiliza. Wiki hiyo hiyo niliandika ratiba ya sherehe ya kufunga mafunzo, nikaisoma mwenyewe, nimeshiba, kutoka juu kwenda chini. Mahali pa kuandika "chakula na mgeni rasmi" nikaandika hivi: "Saa saba mchana: chakula ni mgeni rasmi." Mgeni rasmi alikuwa amejaaliwa mwili, na watu waliokuwa wamekaa tangu asubuhi bila hata chai waliisoma ratiba wakamtazama kwa makini kidogo. Yeye mwenyewe aliisoma akaondoka saa sita. Maalim Bakari hakunigombeza. Alinishukuru kwamba safari hii chakula kimetosha watu wote.

Kuna jambo jingine alilonifundisha ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha kazi hii. Mtu wa huku kwetu hakwambii kosa lako moja kwa moja. Atakusalimia, ataulizia watu wa nyumbani, atasifu kazi yako hadi uone haya, kisha akishashika mlango atasema "ila." Kazi yote imo baada ya hiyo "ila." Wenye haraka huinuka kabla haijafika, wakaenda kuandika kwamba wananchi wameridhika. Nyinyi kaeni mungoje.

Basi ukaja ule ugonjwa, watu wakakatazwa kukusanyika, na mafunzo yakahamia kwenye simu. Taipureta ilikuwa imeshastaafu kabla yangu, na Maalim Bakari alikuwa ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mkurugenzi wetu, kijana wa Matuga aliyesoma mbali akarudi na mkoba wa magurudumu, alitukusanya akatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna karatasi tena kituoni. Tangazo alilisoma kutoka kwenye karatasi.

Akaletwa pia mtaalamu wa mifumo, Brian, kijana wa bara, mpole, asiyelala na asiyekula ila vibanzi. Tulipendana tangu siku ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemwelewa mwenzake. Mimi niliandika masomo, yeye aliyaweka mtandaoni kupitia simu yake, na ile simu ilikuwa na mawazo yake yenyewe. Ilikuwa imesomea Kiingereza. Nikiandika "wali," yenyewe iliweka "wall," yaani ukuta, na somo la kwanza la wahudumu wa hoteli likaagiza mgeni apewe ukuta na samaki wa kukaanga.

Hata ilipojifunza Kiswahili haikutulia, ikaanza kubahatisha. Somo la wapishi lilisema mpishi avae kofia kabla ya kuingia jikoni. Lilipotoka kwenye simu likasema avue. Baada ya siku kadhaa akanipigia msimamizi wa jiko moja la huko Diani. Akanisalimia, akaulizia afya yangu na ya wajukuu.

"Kozi ni nzuri mno, Bi Mejumaa, mashallah," akasema. "Wapishi wameipenda, maana jikoni mna joto. Kofia zote zimetundikwa mlangoni kwa mstari, zinapendeza."

Nikangoja.

"Ila jana alikuja bwana afya."

Kwa wauza samaki wa Shimoni tuliandika kwamba samaki apimwe kwanza, kisha aoshwe, kisha awekwe kwenye barafu. Simu ikaona "apigwe" ndiyo yenye nguvu zaidi. Mzee mmoja wa pale gatini alinipigia akiwa na huzuni ya kweli.

"Bi mkubwa, sisi si wabishi," akasema. "Ila samaki hutufikia ameshakufa. Tumpige kwa kosa gani?"

Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba ni kupima. Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, kwa sababu kulikuwa na vijana wawili walioanza utekelezaji.

Lakini hakuna lililonitoa jasho kama somo la mapishi ya pwani. Mfumo ulikuwa na mlinzi wa ndani wa kuzuia matusi na maneno ya chuki, na mlinzi huyo, nasikia kwa sababu ya vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, alikuwa amekatazwa neno "nazi." Kila nilipoandika wali wa nazi, ukurasa ulifungwa, likatokea onyo jekundu la kuniasa niache kueneza uhasama.

"Madam, system inasema hiyo ni hate speech," Brian akaniambia, akinitazama kwa wasiwasi.

"Brian, mwanangu, hiki ni chakula."

Tukampelekea Mkurugenzi. Akafikiri, akasema tuandike "tunda la mnazi." Tukaandika, na lile onyo likarudi, maana mlinzi alikuwa mwangalifu hata na mti wake. Kwa muda mrefu basi, wapishi wa pwani ya kusini, watu waliozaliwa chini ya minazi, walifundishwa mtandaoni kupika wali wa "lile tunda letu la kukuna." Walielewa wote. Hakuna aliyeuliza, nadhani walidhani sisi ndio tumepatwa na jambo.

Sasa nifike kwa Umazi, ambaye kwa ajili yake hasa nimekubali kuandika.

Umazi alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya Diani, mzaliwa wa Kinango. Alikaanga chapati, akatayarisha mboga na nyama, na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa mkono wake. Mtu aliyekulia mahali maji yanapokuja kwa zamu hujua kunawa. Nilimwona akiosha mikono kwa kikombe kimoja cha maji, usafi ambao wengine hawaupati kwa bomba zima. Hoteli ikatoa amri kwamba kabla ya msimu wa wageni kila mtu wa jikoni awe na cheti cha kozi yetu ya usalama wa chakula. Asiye na cheti angempisha mwenye cheti. Umazi alikuwa akiwalea wajukuu peke yake, na kazi ile ndiyo iliyokuwa jiko la nyumba yake pia.

Akafanya mtihani kwenye simu akafeli. Akarudia, akafeli tena. Mara ya tatu mfumo ukamwandikia: "UMEFELI. Rudi usome kuhusu usafi." Ulikuwa unaruhusu majaribio manne tu, kisha unafunga mlango.

Nikaenda kwa Mkurugenzi kumwambia kuna kasoro mahali. Hakuwa Umazi peke yake. Wazee kwa vijana, waliotoka Msambweni, Lungalunga na Kinango, walikuwa wakianguka kama maembe, huku vijana waliokuja juzi kutoka bara wakipita wote.

"Bi Mejumaa," akasema akitabasamu, "mashine haina shangazi. Haipendelei wala haionei."

"Labda swali limeandikwa vibaya, Mkurugenzi."

"Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, inasema watu wa huku wana upungufu mkubwa wa elimu ya usafi. Wamesikitika sana, mpaka wameahidi awamu ya pili. Sasa unataka niwapigie niwaambie wagonjwa wamepona?"

Nikashika mlango, nikasema "ila," lakini alikuwa ameshainua simu. Huyo ndiye niliyewaambia ni kijana wa Matuga, ila Matuga ilikuwa imeshamtoka.

Nikampigia Umazi aje ofisini. Alifika na leso yake mabegani, tukasalimiana vizuri, tukaulizana ya nyumbani, kisha nikamwomba anioneshe jinsi anavyojibu, kwenye ukurasa wa mazoezi usiohesabiwa. Brian alikuwa kwenye meza yake akila vibanzi. Umazi akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Juu ya swali, Brian alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: "Habari yako? Andika jibu lako hapa chini." Alikuwa amesoma mahali kwamba mwanafunzi akikaribishwa hujifunza vizuri zaidi. Chini yake kulikuwa na swali lenyewe, nyama mbichi iwekwe wapi ndani ya friji, A juu, B chini, C popote.

Umazi akaandika polepole, kidole kimoja, na mimi nikisoma begani kwake:

"Njema, namshukuru Mungu. Sijui nyinyi huko, na watoto? Huku kwetu mvua bado. Kuhusu hiyo nyama, kwa ruhusa yenu, ni B. Wasalimieni wote."

Mfumo ukaweka alama nyekundu. Ulikuwa umefundishwa kupokea herufi moja, basi. Swali la pili likaja, nalo likaanza kwa kumuuliza habari yake. Umazi akashangaa kidogo, akaandika: "Ni njema vile vile, kama nilivyosema. Jibu ni A." Nyekundu. La tatu nalo likamuuliza hali. Akasita, akanitazama juu ya miwani, kisha akaandika: "Bado njema. Au kuna jambo mmelisikia? Jibu ni C."

Majibu yalikuwa sahihi yote. Nikakaa chini. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili, Umazi akaniletea maji. Tulikuwa tumetengeneza mtihani wa adabu, na tulikuwa tukiwafelisha wenye adabu. Asiyemjibu mtu salamu yake ndiye aliyepewa cheti cha kuwapokea wageni.

"Dada Umazi," nikamwambia, "humo hamna mtu. Andika B peke yake."

"Hamna mtu vipi na ameniuliza hali?"

"Ni mashine."

"Sasa mimi nikaulizwe hali nijibu 'B'? Si nitakuwa kama ninamtukana?"

Brian akaweka vibanzi chini. "Lakini mathe, ni kompyuta. Haiskii vibaya."

Umazi akamgeukia kwa upole. "Mwanangu, mamako yu hai?"

"Yuko."

"Akikuuliza hali, unamjibu B?"

Brian akacheka, kisha cheko likamwishia. Akatoka nje na simu yake. Tukamsikia kwenye ukuta wa nyuma: "Sasa, mathe. Hapana, hakuna shida. Nimepiga tu." Alikaa huko muda mrefu, vibanzi vikapoa.

Ila hoteli haikuwa ikimngoja Brian aurekebishe mfumo. Majibu yalitakiwa kesho yake, na Umazi alikuwa na jaribio moja tu lililobaki. Nikamsihi, kwa heshima ya wajukuu zake, aandike herufi tupu. Alifikiri sana. Mwishowe akafungua mtihani wenyewe, akaiinua simu karibu na mdomo, akasema kwa sauti, "Njema, namshukuru Mungu. Na nyinyi?" Akangoja kidogo kama inavyostahili. Kisha akaandika B. Akafanya hivyo kwa kila swali mpaka mwisho, salamu kwa mdomo na herufi kwa kidole, na mimi sikuthubutu kumwambia afanye haraka.

Akapita bila kukosa hata swali moja. Nikamkumbatia hadi miwani ikaanguka. Mfumo ukatoa cheti pale pale, kikapigwa chapa, nami nikakikunja nusu nimkabidhi aende. Kisha nikamkumbuka Maalim Bakari. Umazi hakuwa amekula tangu alfajiri, kwa hivyo mwenye njaa alikuwepo. Nikakikunjua, nikaanza kumsomea kwa sauti, kutoka chini kwenda juu: tarehe, saini, jina lake, jina la kozi, na pale kileleni, kwa herufi za dhahabu, palipotakiwa kusema "Cheti cha Kufuzu":

"Cheti cha Kufukuzwa."

Umazi akanitolea macho. "Yaani hata kwenye kufaulu wamenifukuza?"

Ilikuwa ni ile simu ya Brian, imebahatisha tena. Vyeti vya namna hiyo vilikuwa vimeshakwenda kwa wengine, na baadaye niligundua vilitundikwa ukutani kwenye mahoteli mawili bila mtu kuvisoma, kwa sababu cheti kikishatiwa fremu kazi yake imekwisha. Brian akarekebisha, tukachapa kipya, Umazi akakisoma mwenyewe mara mbili akaondoka. Kazi yake haikuguswa. Mpaka leo ukila chapati laini mahali fulani Diani, jua kuna mtu aliyeisalimia simu.

Mkurugenzi hakukubali kwamba mtihani ulikuwa na kosa. Brian, ambaye alikuwa ameanza kuwa mtu wa pwani, alimwendea akamsifu kwanza, akaulizia watu wa Matuga, kisha akasema, "Ila, Mkurugenzi, tuna toleo la pili." Mkurugenzi alilipenda neno hilo. Aliwaandikia wafadhili kwamba kwa teknolojia mpya watu wa pwani ya kusini wameelimika ghafla, nao wakafurahi wakaja kupigwa picha.

Katika toleo la pili mashine huokota ile herufi moja na kuacha maneno mengine. Hayo maneno huangukia kwenye ukurasa wa pembeni. Siku Brian alipomaliza aliniita.

"Madam, hizi salamu tuzitupe wapi? Boss amesema ni takataka."

Nikaketi mbele ya kioo nikasoma. Zilikuwa zimejaa tangu kozi ya kwanza, za watu wote wale tuliowaandikia wamefeli. "Assalaam aleikum wenyewe." "Shikamoo mwalimu, samahani kwa kuchelewa, ng'ombe walipotea." "Poleni na kazi." "Sisi hatujambo ila mama amelazwa, mtuombee, jibu ni C." Watu waliulizwa hali na wakajibu kwa kweli, nasi tuliwatia alama nyekundu. Moyo uliniuma. Kwetu salamu haitupwi.

Nikamwambia Brian asiguse. Kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla ya kazi nyingine, nilifungua ukurasa ule nikawajibu. Mkurugenzi aliuliza ninafanya nini, nikamwambia ni tathmini, akaniandikia pongezi. Nilipofika kwenye yale majaribio ya zamani ya Umazi, nikakuta na kwenye hayo ameuliza kama kuna jambo tumelisikia. Nikamwandikia: "Hakuna jambo, dada. Tumechelewa tu kukuitikia. Mvua imenyesha huko?"

Jibu lake lilikuja jioni: "Imenyesha, namshukuru Mungu. Si nilikwambia humo mna mtu?"

Kazi yangu ya miaka yote ningeweza kuiweka ndani ya jibu hilo nikaridhika. Somo mtaliandika vizuri kuliko mimi, na rula ya Maalim Bakari nimeiacha kwenye droo ya kulia. Simu ya Brian msiiamini. Msomeeni mwenye njaa.

Ila nina neno moja, na nimeshashika mlango. Brian ananiambia tangu niondoke hakuna anayeufungua ule ukurasa. Ananiambia pia kwamba kuna mtu wa Mkongani, hata mtihani hajauanza, juzi aliandika "Hodi," na leo ameandika tena, "Hodi." Nyinyi ni watoto wa huku, mnajua hodi ya tatu isipoitikiwa mtu hugeuka akarudi kwao. Acheni kusoma, nendeni mkamwitikie.